UZI: Kutoka Ngamiani hadi Guangzhou, maandalizi ya safari yangu ya kwanza kufuata mzigo nje ya nchi

Spea_Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu salaam aleikum, na habari za asubuhi kwa wote.

Wiki hii wamenipigia simu watu watatu wa hapa hapa Tanga wanaotaka kwenda China kwa mara ya kwanza, na wote wameanza na swali moja: "Nibebe dola ngapi?" Nimeona bora niandike hapa niwasaidie kwa pamoja, maana swali la dola linakuja mwisho. Kuna mambo mengi ya kufanya ukiwa bado nyumbani, na ukiyaruka hizo dola zitakwenda na maji hata zikiwa nyingi.

Mimi nauza spea za baiskeli Ngamiani. Anayeijua Tanga anajua baiskeli kwetu ni chombo cha kazi: ya shambani, ya kubebea madafu, ya kumpeleka mtoto shule, ya muuza samaki anayetoka Deep Sea alfajiri na kapu kwenye keria. Nyingi ni zile nzito, ndefu, za rimu ya inchi 28. Mwaka 2023 niliagiza matairi 300 ya baiskeli hizo kwa simu tu, bila kusafiri. Niliandika "inchi 28, nyeusi, imara". Picha zikaja, bei nikaipenda, nikalipa. Nikakaa karibu miezi miwili nasubiri.

Siku ya kufungua robota la kwanza nilimwita fundi wangu anayekaa nje ya duka. Akaweka rimu mapajani, akaanza kuvisha tairi. Likaingia robo, likagoma. Akapaka maji ya sabuni, akachomeka vyuma viwili vya kutolea tairi, akaegemea kwa uzito wake wote. Likagoma. Akalivua, akaligeuza ubavu, akapitisha kidole kwenye maandishi yaliyochomoza kwenye mpira: 40-622. Kisha akanyanyuka, akatungua tairi kuukuu lililokuwa linaning'inia ukutani, akaligeuza vilevile: 40-635. Hakusema neno. Alinishikisha yote mawili tu.

Kwa asiyejua: "inchi 28" ni jina la mazoea. Namba inayotawala ni ile ya pili, ni kipenyo kwa milimita pale tairi linapokaa kwenye rimu. Baiskeli zetu nzito ni 635. Zile nyepesi za mtindo wa Ulaya ni 622, nazo pia huitwa 28. Tofauti ni milimita 13, na kwa milimita hizo 13 mtaji wangu wa mwaka mzima ulilala stoo. Muuzaji hakunidhulumu. Aliniletea inchi 28 kama nilivyomwandikia.

Hapo ndipo nilipoamua kwenda mwenyewe, nikaondoka Oktoba 2024. Nitaandika vipande vipande kwa sababu niko dukani, wateja wanaingia.

---

Binti_Pangani

Kaka umeniwahi. Mimi nauza madera na mitandio, nina duka dogo Pangani na mteja wangu mkubwa yuko Tanga mjini. Nataka kwenda Oktoba hii. Pasipoti sina bado. Nianzie wapi?

---

Spea_Ngamiani

Dadangu, anzia kwenye pasipoti leo hii, usingoje kesho. Fomu inajazwa kwa mtandao wa Uhamiaji, unatakiwa uwe na namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) na cheti cha kuzaliwa, chako na cha mzazi. Ada yote ni shilingi 150,000: elfu 20 ya fomu, na laki moja na elfu 30 ya kitabu chenyewe. Kinakaa miaka 10. Kilichonikwamisha mimi ni majina. Cheti cha kuzaliwa kilikuwa na jina la babu limeandikwa kwa "dh", NIDA imeandika "z". Herufi hiyo moja ilinila wiki tatu za kiapo na barua. Weka vyeti vyako vyote mezani sasa hivi, vipange, soma jina herufi kwa herufi.

Pasipoti ikishatoka ndipo viza, ambayo inaombwa ubalozi wa China, Dar es Salaam. Anayekwenda kibiashara anaomba aina ya M. Kitu cha msingi ni barua ya mwaliko kutoka kwa kampuni ya kule. Ukijiandikisha kwa mtandao kama mnunuzi kwenye maonyesho ya Canton, yale makubwa ya biashara ya pale Guangzhou, nao wanatoa mwaliko, mimi nilitumia huo. Picha ya viza ina kipimo chake, milimita 33 kwa 48, nyuma nyeupe, masikio yaonekane. Ukipiga picha ya pasipoti saizi ya kawaida utarudishwa, na kurudishwa Dar ukiwa umetoka Tanga ni siku nzima na nauli juu.

Tiketi usilipe kabla ya viza. Weka nafasi tu.

Na chanjo ya homa ya manjano usiiache siku ya mwisho. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na ukishachomwa ni cha maisha, hakina tena habari ya miaka kumi kama zamani.

---

Binti_Pangani

Ahsante sana kaka. Basi nilenge hayo maonyesho ya tarehe 15 Oktoba?

---

Spea_Ngamiani

Hapana! Na nashukuru umeuliza, maana hili linawaumiza wengi.

Maonyesho ya Canton yapo tangu 1957, yanafanyika mara mbili kwa mwaka, majira ya Aprili na majira ya Oktoba, na kila mara yanagawanywa awamu tatu. Awamu ya kwanza, tarehe 15 hadi 19, ni mashine, umeme, vifaa vya chuma, magari, pikipiki, baiskeli. Hiyo ndiyo yangu mimi. Ya pili, 23 hadi 27, ni vyombo vya nyumbani, mapambo, vifaa vya ujenzi, fanicha. Ya tatu inaanza 31 Oktoba hadi 4 Novemba, na hiyo ndiyo yenye nguo, vitambaa, viatu, mikoba. Ukienda tarehe 15 kutafuta mitandio utazunguka kwenye majenereta mpaka miguu ivimbe. Kwa upande wa Aprili, awamu hiyo ya nguo huangukia tarehe 1 hadi 5 Mei.

Tena kwa bidhaa yako hulazimiki hata kungoja maonyesho. Guangzhou kuna soko la vitambaa la Zhongda, lipo mwaka mzima. Cha kuepuka ni siku zao za kufunga. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba ni sikukuu ya taifa, viwanda vinafunga. Na mwaka mpya wao, unaoangukia Januari au Februari, viwanda vinaweza kusimama wiki kadhaa, wafanyakazi wamerudi vijijini. Ukiweka oda karibu na kipindi hicho, jihesabie kuchelewa.

---

Kkoo_Mjini

Mkuu, sikukatishi tamaa, ila nauliza kwa nia njema. Kila kitu kipo Kariakoo. Nauli, hoteli, viza, chakula, siku kumi na mbili duka limefungwa. Kwa nini mtu wa Tanga asipande basi pale Kange, afike Dar mchana, anunue jioni arudi?

---

Spea_Ngamiani

Mkuu swali lako ni la haki, na kwa mtu mwenye mtaji mdogo ndilo jibu sahihi. Nami nimenunua Kariakoo miaka mingi na bado nanunua. Ila kuna bidhaa ambayo Kariakoo huletewa kwa kipimo cha wengi, si cha kwetu. Mimi nahitaji rimu zenye matundu ya spoku 32 mbele na 40 nyuma, kwa sababu ndivyo zilivyotobolewa habu (kile kitovu cha gurudumu) za baiskeli zetu kongwe. Zinazojaa madukani ni 36 kwa 36. Mzee wa Mabokweni akija na habu ya matundu 40, nikimuuzia rimu ya 36 nimemtupia hela yake. Bidhaa yako ikiwa ya kila mtu, nenda Kariakoo. Ikiwa na kipimo chake, fika inapotengenezwa.

Duka halikufungwa. Nilimwachia mdogo wangu, na hilo nalo ni maandalizi: mwezi mzima kabla ya safari nilikaa pembeni nikamwacha auze yeye, nikimtazama tu. Kitabu cha madeni nilikipiga picha kurasa zote.

---

Spea_Ngamiani

Naendelea. Hiki ndicho kipande nilichotaka kukiandika hasa: mkoba wa sampuli.

Wengi wanasafiri na begi tupu ili warudi nalo limejaa. Mimi nilikwenda na begi dogo la kilo tisa la vyuma vya duka langu. Kipande cha tairi chenye ile namba 40-635, nimekikata kwa msumeno urefu wa shibiri. Habu ya nyuma ya matundu 40. Pedeli mbili, moja nzima na moja iliyokufa baada ya miezi miwili, ili nimwonyeshe mtu mahali inapovunjikia. Gololi ndani ya chupa ya dawa. Spoku ya mbele na ya nyuma, nimezifunga na karatasi zenye vipimo. Na kipimo kile cha mafundi cha kubana, cha milimita. Vyuma vyote viliingia kwenye begi la chini, maana huwezi kupanda na spana na spoku mkononi.

Kule mezani maneno yanapotea. Mkalimani mzuri wa nguo hajui friwili ni nini. Lakini nilipoweka habu juu ya meza, mzee mmoja wa kiwanda aliyekuwa amekaa nyuma kimya, kijana wake ndiye anayeongea, alinyanyuka mwenyewe. Akaishika, akazungusha ekseli sikioni, akahesabu matundu kwa ukucha, akaingia stoo akatoka na ya kwake. Tukazizungusha zote mbili, moja mkono huu, moja mkono ule. Biashara ile haikuhitaji mkalimani mpaka tulipofika kwenye bei.

Na bei ina lugha yake. Wao wanahesabu moja hadi kumi kwa mkono mmoja. Alininyooshea kidole gumba na cha shahada, mimi nikaona mbili, moyo ukaruka. Kumbe ile ni nane. Gumba na kidole cha mwisho ni sita. Jifunze ishara hizo ukiwa nyumbani, nusu saa inatosha, na hata hivyo bei ya mwisho iandikwe kwenye kikokotoo na mpige picha.

---

Mzee_wa_Chumbageni

Vijana wangu, nimesoma yote, nimefurahi. Mimi nilikwenda kule mara kadhaa kabla ya magoti kukataa. Niongeze la chakula na la ibada, kwa kuwa wengi wetu huku ni Waislamu.

Guangzhou chakula cha halali kipo. Tafuteni migahawa ya tambi ya Waislamu wa kutoka Lanzhou, imetapakaa. Supu ya ng'ombe na tambi zinavutwa kwa mikono mbele yako. Eneo la Xiaobei utakutana na Waafrika wengi na Kiswahili utakisikia. Kuna msikiti wa Huaisheng, wa kale sana, na kuna kaburi linaloaminika na watu wa pale kuwa la Saad bin Abi Waqqas, Ijumaa watu hujaa. Na kumbukeni kibla: sisi Tanga tunaelekea kaskazini, kule ni magharibi. Mara ya kwanza nilisali Adhuhuri hotelini nikielekea nilikozoea, mhudumu Mwislamu aliyekuja kubadili mashuka ndiye aliyenigeuza, Mungu amlipe.

Saa zao ziko tano mbele yetu. Ukimpigia mkeo saa tatu usiku wa kule, huku ni saa kumi alasiri, yuko kazini.

---

Spea_Ngamiani

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kibla nililipata kwako kabla sijaondoka, kama unakumbuka, pale kwenye kahawa Barabara ya Nane. Ahsante tena.

---

Horohoro_Njia_Panda

Wakuu mimi nimezoea Mombasa tu, navuka Horohoro naingia Lunga Lunga, shilingi ya Kenya nabadilisha pale pale na mtu ananijua. Hii ya China naogopa mambo ya pesa. Mnabebaje? Na mawasiliano yakoje, maana nasikia WhatsApp haishiki.

---

Spea_Ngamiani

Ami, Mombasa umepata shule nzuri, kupatana na kukagua mzigo ni kule kule. Pesa ndiyo tofauti.

Usibebe mtaji wote mfukoni. Kutoka Tanzania ukiwa na dola 10,000 au zaidi lazima uzitangaze forodha. Kuingia China ukiwa na taslimu ya kigeni inayozidi dola 5,000 nako unatangaza. Si kosa kuwa nazo, kosa ni kunyamaza. Mimi nilibeba dola 1,500 taslimu, noti mpya zisizo na mkunjo wala muhuri, za kulala na kula na sampuli. Mzigo wenyewe nililipa kwa benki baada ya kurudi: asilimia 30 ya kuanzia kazi, na 70 mzigo ukishakamilika na kukaguliwa. Ndiyo desturi ya viwanda vingi, nao wanaielewa.

Hapa naomba msome polepole. Jina la akaunti ya benki lazima lifanane na jina la kampuni lililo kwenye leseni na kwenye invoisi. Ukiambiwa "lipa kwenye akaunti ya dada yangu, ile ya kampuni ina tatizo", simama hapo hapo. Na ukipokea barua pepe inayosema akaunti imebadilika, mpigie mtu uliyekaa naye meza moja, uone uso wake kwa video, ndipo uamini. Kuna mtu wa karibu nami amelia kwa jambo hilo.

Matumizi ya mtaani kule watu hawashiki noti. Wanapiga picha msimbo kwa simu, Alipay au WeChat. Siku hizi unaweza kuunganisha kadi yako ya Visa au Mastercard humo. Fanya hivyo ukiwa Tanga, na uiambie benki yako kwamba unasafiri, kadi isije ikafungwa ukiwa umeshika sahani ya chakula.

WhatsApp, Google, Facebook na Instagram kwa intaneti ya kule zimezuiwa. Ukiwa na laini ya nyumbani iliyofunguliwa kutumika nje, hufunguka, ila bando lake chungu. Kwa hiyo jiunge WeChat kabla ya kuondoka. Angalia hili: akaunti mpya inaweza kutaka mtu mwenye WeChat ya siku nyingi akuthibitishe. Mimi nilithibitishiwa na kijana anayeuza simu mtaa wa pili. Ningefika Guangzhou bila hiyo ningekuwa bubu uwanja wa ndege. Mke wangu na mdogo wangu nao niliwaunganisha.

Na pakua ramani na programu ya tafsiri inayofanya kazi bila mtandao. Anuani ya hoteli iandike kwa Kichina kwenye karatasi, dereva wa teksi hatasoma herufi zetu.

---

Binti_Pangani

Kaka, nina shangazi yangu anaishi Guangzhou na mumewe. Nikalale kwao, niokoe hoteli?

---

Spea_Ngamiani

Lala kwao, ni heri kubwa kwa mwanamke anayesafiri peke yake mara ya kwanza. Lakini ndani ya saa 24 tangu ufike, shangazi akupeleke kituo cha polisi cha mtaa wao ukaandikishwe. Ukilala hoteli, hoteli yenyewe inakuandikisha wanapochukua pasipoti yako mapokezi. Kwenye nyumba ya mtu jukumu ni lenu. Watu wamelipa faini kwa kutolijua hilo.

---

Wakala_Forodha_TG

Naomba niingie upande wangu. Mimi ni wakala, nashughulika na mizigo kila siku. Wafanyabiashara wa safari ya kwanza wanapiga hesabu ya bei ya kununulia na nauli ya meli, wanasahau kilichobaki, kisha wanakuja kwangu macho mekundu.

Kabla hujapanda ndege njoo kwa wakala na orodha ya unachotaka kununua. Ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki una viwango vyake: sifuri, asilimia 10, 25, 35, kutegemea bidhaa. Juu yake VAT asilimia 18, na VAT hiyo inapigwa baada ya ushuru kuongezwa, sio kwenye bei tupu. Kisha tozo nyingine ndogondogo na za bandari. Bidhaa mbili zilizokaa rafu moja zinaweza kuwa na viwango tofauti kabisa. Uliza pia TBS, shirika la viwango, kama bidhaa yako imo kwenye zile zinazotakiwa kukaguliwa huko huko kabla ya kupakiwa. Cheti cha ubora kikikosekana, mzigo ukifika ni adhabu na kuchelewa.

Kuhusu ukubwa: mizigo ya kuchangia kontena inahesabiwa kwa CBM, yaani mita za ujazo. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 50 ni 0.12. Maboksi 25 ya hivyo ni CBM 3. Ukipeleka ndege, wanazidisha vipimo kwa sentimita, 60 kwa 40 kwa 50, kisha wanagawanya kwa 6,000: boksi hilo hilo linahesabiwa kilo 20 hata kama ndani mna mitandio ya kilo tisa. Dada wa Pangani, hilo ni lako. Mwambie muuzaji abane vitambaa kwenye robota, asiweke kila mtandio na kiboksi chake cha urembo. Unalipia hewa.

Na kwa watu wa Tanga, msidhani lazima kila kitu kipitie Dar. Zamani meli ilitia nanga mbali, mzigo unashushwa kwenye matishari ndipo uletwe nchi kavu. Sasa gati lina mita 450 na kina kimechimbwa hadi mita 13, meli inafunga gatini. Kwa mzigo wa kontena zima ulizia bei ya kushushia hapa nyumbani kabla ya kusaini.

---

Spea_Ngamiani

Mkuu ahsante, hayo ya VAT juu ya ushuru ningeyajua 2023 ningelia mara moja tu badala ya mbili.

Nimalizie la maonyesho. Kituo kiko Pazhou, treni ya chini ya ardhi namba 8 inakufikisha mlangoni. Ni pakubwa kupita nilivyowahi kuwaza. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vya ngozi nionekane mfanyabiashara, mchana nikanunua kandambili. Siku mbili za mwanzo sikuweka oda yoyote, na ninawasihi nanyi msiweke. Nilipita, nikaweka habu mezani, nikatazama nani anaihesabu matundu na nani anaitazama mara moja na kuniambia "ndiyo, ndiyo, tunayo". Hao wa "ndiyo, ndiyo" niliwaaga kwa heshima. Kila meza nilipiga picha mbili, ya bidhaa na ya namba ya kibanda, kwa mfuatano huo, maana usiku hotelini vibanda mia vinafanana.

Siku ya nne nilirudi kwa watatu tu. Mmoja alikubali nitembelee kiwanda chake, nje ya mji. Viwanda vingi vya baiskeli viko Tianjin, kaskazini mwa nchi, sikuwa na pesa za kufika huko, ila huyu alinitosha. Tulichukua tairi moja la mfano, nikaliandika ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, naye akaweka muhuri wake wa kampuni kwenye karatasi tuliyolifungia. La pili kama hilo nikarudi nalo Tanga. Kwenye oda hakuna neno "inchi 28" peke yake. Imeandikwa 40-635, na chini yake, kwa Kichina na Kiingereza: ikija namba nyingine mzigo haupokelewi na salio halilipwi.

Mzigo ulipofika, kabla ya kumlipa dereva wa lori, fundi alichukua tairi moja kutoka robota la katikati. Likaingia kwa viganja vya mikono, bila chuma hata kimoja.

---

Horohoro_Njia_Panda

Mashallah. Ami, swali langu la mwisho. Na yale 300 ya mwanzo?

---

Spea_Ngamiani

Yanatoka taratibu. Zinaingia baiskeli za mtumba kutoka Ulaya na Japani, nyingine zina rimu ya 622, nazo spea zake ni shida kupata huku. Nimeweka kibao nje na namba hiyo kubwa. Wanakuja watu hadi kutoka Muheza na Korogwe. Jana yamebaki 84. Mwenye baiskeli ya namna hiyo asome ubavuni mwa tairi lake kwanza, ndipo anipigie.

---

Binti_Pangani

Wakuu, nimetoka Uhamiaji Tanga sasa hivi. Jina la baba kwenye cheti changu lina "w" mbili, NIDA moja. Kesho naanza kiapo.